Je, Spika za Thamani Zafaa Kubadilishwa?

Mtu aliyekwisha kutumia fedha nyingi kununua jozi ya spika nzuri za nyumbani hufikia siku akaona hazimtoshelezi tena. Besi inavuma kupita kiasi, maneno ya mwimbaji hayatoki wazi, na dukani zimewekwa spika nyingine ambazo bei yake ni maradufu. Swali linalomkabili laonekana kuwa la mfuko. Kwa hakika ni swali la fizikia, na sehemu kubwa ya jibu lake haimo ndani ya spika.

Asili ya spika za majumbani haijabadilika sana tangu mwaka 1925, Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric ya Marekani walipoeleza muundo wake. Koili ya waya mwembamba huning'inizwa katika mwanya wa sumaku. Umeme unaogeukageuka kutoka kwenye amplifaya upitapo katika koili hiyo, koili huenda mbele na kurudi nyuma. Nayo hukisukuma kiwambo kilichogundishwa kwake, na kiwambo huisukuma hewa. Kazi hii hufanyika kwa hasara kubwa. Katika spika nyingi za nyumbani, nguvu inayotoka ikiwa sauti haifiki hata moja kwa mia ya umeme ulioingia. Iliyobaki hupotea kwa joto. Kwa hiyo tangazo lisemalo kwamba spika ina wati 200 halisemi lolote juu ya ubora wake, bali huonyesha tu kiasi cha umeme inachoweza kustahimili. Tena, kuongeza nguvu mara mbili hupandisha sauti kwa desibeli 3 tu. Ili sikio lione kwamba sauti imekuwa kubwa maradufu, nguvu hupaswa kuongezwa kiasi cha mara kumi.

Wauzaji wengine husifu spika zitoazo mitetemo 40,000 kwa sekunde. Sikio la kijana mwenye afya hukoma karibu na 20,000, na watu wengi waliopita umri wa miaka 50 hawasikii tena hata ile ya 14,000. Mitetemo inayozidi hapo labda itawafurahisha popo.

Jambo lisilotangazwa ni chumba. Uchukuliwe mfano wa chumba chenye urefu wa mita 5, upana wa mita 4 na kimo cha mita 3. Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa mita 343 hivi kwa sekunde. Wimbi ambalo nusu ya urefu wake ni sawa na mita 5 litagonga ukuta, lirudi, na kujiimarisha lenyewe. Nalo ni lile la mitetemo 34 kwa sekunde. Kwa upana, hesabu hiyo hiyo hutoa 43, na kwa kimo 57. Noti zilizo karibu na idadi hizo zitavuma kuliko jirani zao, hata spika iwe ya bei gani. Aliyeketi akiegemea ukuta atazisikia kwa nguvu. Aliyeketi katikati ya chumba huenda asiisikie kabisa moja kati yake. Mwanafunzi anaweza kulithibitisha jambo hili kwa kupiga sauti moja nzito isiyobadilika, kisha atembee polepole kutoka ukuta hadi ukuta.

Upo pia mwangwi. Mwaka 1895 Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alitakiwa kuchunguza ukumbi ambao ndani yake mihadhara haikuweza kufahamika. Usiku yeye na wasaidizi wake walihamisha mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, wakapima muda ambao sauti ilichukua kufifia, na kuirudisha kabla ya asubuhi. Matokeo ya taabu hiyo ni kanuni inayotumika hadi leo: muda wa kufifia, kwa sekunde, ni 0.161 mara ujazo wa chumba, kugawanywa kwa eneo linalofyonza sauti. Chumba cha mfano wetu kina ujazo wa mita za ujazo 60. Kikiwa kitupu, chenye sakafu na kuta za saruji, na ufyonzaji sawa na mita za mraba 5, sauti huchukua karibu sekunde 1.9 kufifia, na silabi moja huifunika nyingine. Zulia nene, mapazia mazito, viti vya sponji na kabati la vitabu vikiufikisha ufyonzaji kwenye 20, muda hushuka hadi nusu sekunde. Hakuna spika mpya inayoweza kufanya hivyo.

Haina maana kwamba spika zote ni sawa. Floyd Toole, aliyefanya utafiti katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, alionyesha katika miaka ya 1980 kwamba wasikilizaji wasioziona spika hukubaliana kwa kiasi cha kushangaza kuhusu zilizo bora. Tatizo huanza wanapoziona. Mwaka 1994, yeye na Sean Olive, wakiwa katika kampuni ya Harman, waliwajaribu wasikilizaji 40, kwanza spika zikiwa zimefichwa nyuma ya pazia, kisha zikiwa wazi. Sura ya spika ilibadili alama zilizotolewa. Na walipoziona, wasikilizaji hawakujali sana hata tofauti iliyoletwa na kuhamishwa kwa spika chumbani, ambayo walikuwa wameitambua vizuri walipokuwa hawazioni.

Kabla ya kununua, yafaa pia kuchunguza kama spika za zamani ni nzima. Ukingo wa sponji unaoshika kiwambo huoza kwa unyevu na oksijeni ya hewa, na fundi anaweza kuubadilisha kwa gharama ndogo. Kapasita za aina ya elektroliti nazo huchakaa.

Ikiwa hayo yote yametekelezwa na mwenye spika bado haridhiki, aazime hizo mpya, azilinganishe na zake katika chumba kile kile, nyuma ya kitambaa chepesi, mtu mwingine akizibadilisha bila kumwambia. Sauti zisawazishwe kwa kipimo kwanza, kwani tofauti ya desibeli 1 tu hutosha kuifanya ile yenye sauti kubwa idhaniwe kuwa bora.