Mfundishe Mwanao Kupata Rafiki

Mama, usishangae mtoto wa miaka miwili akicheza kando ya mwenzake bila kumjali. Ndivyo umri wake ulivyo. Lakini ikiwa haitiki jina lake wala hatazami watu usoni, mpeleke kliniki akapimwe.

Afikapo miaka mitatu au minne, mfundishe maneno ya kuombea mchezo: "Naomba tucheze wote." Mzoeze kungoja zamu kwa kurushiana naye mpira. Alika mtoto mmoja tu kwanza, kwa saa moja hivi, na kile kichezeo asichopenda kuazima kifiche mapema.

Wakigombana, usikimbilie kumfokea mtoto wa jirani. Akina mama hununiana miezi kwa ugomvi ambao watoto waliusahau kabla ya chakula cha jioni. Kama hakuna anayeumizwa, wape nafasi wapatane. Aliyenyang'anya arudishe, aombe radhi.

Zaidi ya yote, mtoto huiga. Akikusikia ukimsengenya shoga yako mara tu anapotoka mlangoni, huo ndio urafiki atakaoupeleka shuleni. Akikuona ukimpelekea mgonjwa uji, atajifunza huo pia.