Fundo Liliniaibisha: Suka Kitanzi Kabla ya Kupandisha Mzinga

Leo naacha mpunga na mbolea pembeni kidogo. Wengi wenu hapa Idodi, Mapogoro na Tungamalenga mmeingia kwenye ufugaji wa nyuki kibiashara, na mizinga yenu mnaitundika juu mitini kwa sababu ya nyegere, moto na wezi. Kupandisha mzinga mtupu siyo shida. Kazi inakuja siku ya kuushusha ukiwa umejaa.

Msimu mmoja nilikuwa na kikundi cha vijana tukishusha mzinga kwenye mbuyu, usiku, mavazi ya nyuki yamevaliwa, kila kitu sawa. Kamba nilifunga mimi mwenyewe, fundo la kawaida kabisa. Mzinga ulipofika nusu ya safari, nikasikia "tap!" Ukadondoka hatua moja tu kutoka kwa kijana aliyekuwa anaupokea chini. Masega yakasagika, kundi likaharibika, na sisi tukatawanyika porini kila mtu na njia yake.

Asubuhi nikaenda kuiokota ile kamba. Haikukatika katikati, wala pale iliposuguana na tawi. Ilikatikia kwenye fundo langu.

Baadaye nilimsimulia mzee mmoja aliyevua samaki miaka mingi bwawa la Mtera. "Shikamoo mzee, kamba imeniaibisha." Akaitikia, akacheka. "Marahaba. Bwana shamba, kamba haikukuaibisha. Wewe ndiye uliyeivunja shingo." Akakaa chini, akanifundisha kusuka kitanzi.

Maana yake ni hii. Kamba ikipinda sana kwenye fundo, nyuzi za nje ya kona zinavutwa kupita kiasi na za ndani zinalegea. Mzigo unabebwa na nyuzi chache. Mafundo mengi yanapunguza nguvu ya kamba kwa theluthi moja, mengine mpaka karibu nusu. Kitanzi kilichosukwa vizuri kinabakiza takriban asilimia 90, kwa sababu nyuzi zote zinaendelea kugawana mzigo, na ukivuta zinabanana zaidi.

Twende kazi. Njia hii ni ya kamba iliyosokotwa kwa nyuzi nene tatu, iwe ya katani au ya manila. Ile iliyofumwa mviringo kama kamba ya kiatu ina namna yake, usiijaribu kwa njia hii. Tafuta kijiti kigumu kilichochongwa ncha, au msumari mkubwa uliosagwa usikate nyuzi.

1. Kwa kamba ya milimita 12, pima sentimita 30 kutoka mwisho. Funga uzi imara hapo ili msokoto usiendelee kufumuka, kisha fumua hizo sentimita 30. Utapata ncha tatu. Kila ncha ifunge kwa uzi. Kama ni manila, ichome kidogo kwa moto.

2. Kunja kamba upate kitanzi cha ukubwa unaotaka. Laza zile ncha juu ya kamba nzima: moja kati, moja kushoto, moja kulia.

3. Tumia kijiti kufungua msokoto. Pitisha ncha ya kati chini ya uzi mmoja wa kamba, kutoka kulia kwenda kushoto.

4. Ncha ya kushoto iruke juu ya uzi huohuo, ipite chini ya uzi unaofuata kushoto.

5. Geuza kitanzi upande wa pili. Umebaki uzi mmoja ambao haujapitiwa. Ncha ya tatu ipite chini yake, nayo kulia kwenda kushoto. Wengi wanakosea hapa, wanaipitisha kinyume. Ukipatia, ncha tatu zitatokea sehemu tatu tofauti, usawa mmoja. Vuta zote zikaze.

6. Sasa endelea: kila ncha inaruka uzi mmoja, inapita chini ya mmoja. Zote tatu zikishapita, huo ni mzunguko mmoja. Katani inataka mizunguko isiyopungua mitatu. Manila inateleza, ipe mitano au zaidi.

7. Viringisha chini ya kiatu ilainike, kisha kata ncha ukibakiza sentimita moja au mbili. Usikate sawasawa na kamba, zitachomoka.

Ukimaliza, usikimbilie mtini. Ninga'iniza kiroba cha mchanga kizito kuliko mzinga wako uliojaa, kikae futi moja tu kutoka ardhini, ukiache usiku kucha. Asubuhi angalia kama ncha zimerudi ndani. Zikirudi, fumua uanze upya.

Mambo mengine matatu. Kwanza, tumia roda, usipitishe kamba moja kwa moja juu ya tawi, maana gome linasaga kamba. Lakini kumbuka tawi lenye roda linabeba karibu mara mbili ya uzito wa mzinga, kwa kuwa na wewe unavuta chini upande wa pili. Chagua tawi nene na bichi. Pili, katani inaozeshwa na unyevu na manila inaliwa na jua. Ukimaliza kazi, ianike kivulini, uihifadhi ndani. Ikianza kutoa unga au nyuzi kukatika ukiikunja, igeuze ya kufungia mbuzi. Tatu, mtu asisimame chini ya mzinga unaoning'inia, hata kama kamba ni mpya.

Na hili nalisema kwa msisitizo: kamba hii ni ya mzinga, siyo ya mwili wako. Kitanzi ulichosuka nyumbani usikitegemee kukubeba mtini. Anayepanda avae mkanda na kamba zilizotengenezwa kiwandani kwa kazi hiyo. Kama huna, shusha mizinga yako kwenye urefu unaofikika kwa ngazi, uining'inize kwa waya, na shina ulizungushie bati laini nyegere asipande.

Mimi kitanzi changu cha kwanza kilichomoka, cha pili kikapinda. Cha tatu bado nakitumia. Chukua mita mbili za kamba jioni hii, kaa na mwenzako, msuke na kufumua mpaka mikono izoee. Mzinga mmoja ukidondoka umepoteza asali ya msimu na kundi zima. Na chini ya mzinga kuna mtoto wa mtu.

Kazi njema.