Tovuti za Bunia, wasomaji wa Brussels

Muuza vipuri vya pikipiki katika mtaa wa Lumumba, Bunia, mjini mkuu wa mkoa wa Ituri huko Kongo (DRC), hahitaji tovuti ili auze. Anapiga picha mzigo mpya wa cheni na matairi, anauweka kwenye stetasi ya WhatsApp, na wateja wanaanza kuuliza bei. Mshindani mkubwa wa vijana wanaotengeneza tovuti mjini humo ni hiyo simu iliyo mfukoni mwa mteja wao.

Nani basi anawalipa? Zaidi ni mashirika ya misaada, makanisa, vyuo na redio. Mashirika yaliingia kwa wingi na vita vya Ituri vilivyoanza 1999, na hadi leo, mkoa ukiwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, hayajapungukiwa kazi. Mfadhili anataka kuona nembo yake, ripoti na picha kubwa. Tovuti inajengwa kwa Kifaransa, ifunguke vizuri ofisini Brussels. Mkazi wa Lumumba, ambaye huenda ndiye aliye kwenye picha, hakufikiriwa.

Tupige hesabu. Picha ya simu ya siku hizi hufika mega 3 au 4. Ziweke tano zinazopishana juu ya ukurasa, na mgeni ameshapoteza mega 15 au zaidi kabla ya kusoma neno. Kwa aliyenunua mega 100, tovuti kama hizo tano hadi saba zinamaliza kifurushi. Picha ileile ikipunguzwa hadi upana wa pikseli 1200 na kuhifadhiwa kwa muundo wa WebP, mara nyingi hushuka chini ya kilobaiti 200, na kwenye kioo cha simu tofauti huioni. Google inataka sehemu kuu ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5; kwa mtandao wa jioni Bunia, bila kupunguza picha usiote. Tatizo ni kwamba kazi hii haionekani, na mteja hulipia kinachong'aa.

Intaneti ya setilaiti ya Starlink iliruhusiwa kufanya kazi Kongo mwaka 2025. Itasaidia ofisi na vyuo. Mnunuzi wa barabarani ataendelea kuhesabu mega.

Kwa maoni yangu, soko lililolala liko kwa wafanyabiashara wenyewe. Barabara za Ituri si za kuaminika. Anayetoka Mahagi au Komanda anataka kujua bidhaa ipo kabla hajasafiri. Stetasi hufutika baada ya saa 24, ukurasa hubaki. Mpe mfanyabiashara ukurasa mmoja mwepesi kwa Kiswahili, bei kwa dola na faranga, kitufe kinachofungua WhatsApp, na namba za M-Pesa, Airtel Money na Orange Money. Fomu ya kadi ya benki ni pambo tu. Usimdai mnunuzi barua pepe. Mwombe namba ya simu.

Kuna jambo lisiloulizwa hadi maji yafike shingoni. Jina la tovuti na nafasi kwenye seva hulipiwa kila mwaka, kwa dola, kwa kadi ambayo wateja wengi hawana. Fundi hulipa kwa yake na kusajili kwa jina lake. Akihamia Kampala, au mkikosana, tovuti inazimika na jina ni lake. Hilo liandikwe kwenye mkataba kabla ya kuanza kubishana juu ya rangi.