MTI ULIOANGUKA NI GHALA YA KUNI

Katika nchi ya Wakamba, tangu vilima vya Mbooni na Nzaui hata nyika za Kitui, ni vichache vyakula vinavyomaliza kuni kama isyo, yaani pure ya mahindi na maharagwe. Hutokota saa nyingi, na kuni zake mama huzifuata mbali, akazirudisha mgongoni kwa ukanda uliopita kichwani. Kwa hiyo yafaa kila mwenye shamba ajue ni kuni zipi zistahilizo taabu hiyo.

Wengi hutazama unene wa mti. Lakini mbuyu wa Kibwezi, ujapokuwa mnene kama nyumba, ukianguka haufai jikoni, maana ndani ni laini kama sifongo. Bali mulaa, musemei na muuku ni miti migumu. Kilo kwa kilo, kuni kavu za kila namna hutoa joto karibu sawa. Ila gogo zito limeshika kilo nyingi mahali padogo, nalo huungua polepole na kuacha makaa yenye kudumu. Huo ndio moto uitakao pure.

Jambo lipitalo uzito ni ukavu. Karibu nusu ya uzito wa mti mbichi yaweza kuwa maji. Mama abebaye kuni mbichi amebeba maji yasiyonyweka, katika nchi ambayo hata maji ya kunywa huchotwa mbali. Kisha moto hupoteza nguvu kwa kuyakausha, na moshi huumiza macho na mapafu ya waketio jikoni. Hii ndiyo faida ya mti uliokwisha kufa: jua limekwisha kufanya kazi yake.

Haya ndiyo ya kufuata. Kwanza, gonganisha vipande viwili: vikavu hulia kwa sauti kali, vibichi hutoa mshindo mzito. Mchwa wakila sehemu ya nje, usikate tamaa. Moyo wa mti mgumu mara nyingi hubaki mzima. Pili, mti ulioangushwa na upepo upasuliwe mapema, kwa maana ukikauka hushindana na shoka. Vipande vyenye unene wa kifundo cha mkono vipangwe juu ya mawe, chini ya paa, kabla ya mvua za Oktoba. Tatu, washa kwa vijiti vyepesi. Chungu kikichemka, kifunike, uvute kuni nje, makaa yamalize kazi.

Lakini ukiokota mpingo, usiutie motoni. Ndio mti uzamao majini, na wachongaji huutafuta sana. Ufundi huo wa uchongaji ulienezwa Wamunyu na Mutisya Munge baada ya Vita Kuu ya Kwanza, nao umelisha nyumba nyingi.

Tena, mti ulioanguka usiwe kisingizio cha kuangusha ulio hai. Makaa ya mulaa ni mazuri, lakini maganda ya mbegu zake hulisha mbuzi wakati wa kiangazi. Mwaka 2018 Gavana Charity Ngilu alipiga marufuku biashara ya makaa katika Kitui, kwa kuona jinsi nyika ilivyokuwa ikiisha. Bandu bandu huisha gogo. Na nyika huisha vivyo hivyo.

Basi aokotaye na apande. Mukau hukua upesi katika ukame, na Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya ina shamba la mbegu zake bora huko Tiva, Kitui. Mbao zake ni za kuuza, na matawi yapogolewayo ni ya jikoni. Mwenye kupanda mikau mpakani mwa shamba lake amempunguzia binti yake safari ya kesho.