Kabla ya kukodishiwa ofisi na mpangaji, uliza: Mwenye jumba anajua?

UMECHOKA. Kila mteja akitaka kukutana nawe unamwita katika mkahawa ulio karibu na Kimathi Street, unaagiza chai moja na kuikalia saa mbili, jicho moja kwa mteja na jingine kwa chaji ya simu. Ukirudi nyumbani Kangemi unafanyia kazi kitandani, huku jirani akiwa amefungulia redio hadi mwisho. Halafu siku moja unaona tangazo kwenye WhatsApp: chumba kimoja ndani ya ofisi kubwa, jumba refu tao, lifti mbili, intaneti ipo, soja mlangoni, Sh35,000 kwa mwezi. Unapiga simu. Unaambiwa ukichelewa hadi jioni kitakuwa kimechukuliwa.

Ngoja kidogo.

Mara nyingi anayekuonyesha chumba kama hicho si mwenye jumba. Ni mpangaji kama wewe, aliyekodi orofa nzima au nusu yake, akaikatakata kwa jipsamu na vioo, na sasa anatafuta wa kumsaidia kulipa kodi. Hilo si kosa, mradi utaratibu umefuatwa. Ila ujue kwamba hapo hukodi chumba tu. Unategemea pia makubaliano ya watu wawili ambayo hujawahi kuyasoma, na yakivunjika, wewe ndiye utakayekuta kufuli mlangoni.

Nasema hivi kwa sababu yalinikuta.

Ofisi yangu ya kwanza ilikuwa chumba cha namna hiyo, orofa ya tisa, katikati ya jiji. Nililipa amana ya Sh60,000 na kodi kila tarehe tano bila kukosa. Jumatatu moja nikafika asubuhi, soja ambaye hunisalimia kila siku akaniangalia kwa huruma. "Mkubwa, leo huko juu hakuna kuingia." Nilipopanda nikakuta kufuli mpya na karatasi ya madalali. Mpangaji mkuu, yule niliyekuwa nikimtumia kodi kwa M-Pesa, alikuwa na deni la miezi mitano. Pesa zangu alikuwa akizipokea, lakini hazikuwa zikifika kwa mwenye jumba. Nilipoenda kwa wakala wa jumba kujieleza, alitafuta jina langu kwenye daftari lake, akalikosa, akaniambia kwa upole tu: "Sisi hatukujui."

Kompyuta zangu mbili nilizipata baada ya siku kumi na moja, kwa sababu nilikuwa na risiti zenye jina langu. Jirani yangu wa chumba cha pili, mhariri wa video, alikuwa amenunua yake mkono kwa mkono, bila karatasi. Ikapigwa mnada. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Amana yangu nayo sijaiona hadi leo.

Mbona vyumba hivi vimejaa?

Ukisimama Uhuru Park na kutazama jiji, unaona historia ya ofisi za Nairobi imepangwa kwa miaka. Kuna KICC, jumba la orofa 28 lililokamilika mwaka wa 1973. Kuna Times Tower, makao ya KRA, lililofika mwaka wa 2000 na orofa 38. Zamani kampuni iliyojiheshimu ilitaka anwani ya hapa katikati. Baadaye kampuni kubwa zikaanza kuhama, zikikimbia msongamano wa magari na uhaba wa maegesho. Zikapanda Upper Hill, ambako UAP Old Mutual Tower na Britam Tower yalisimama kati ya 2016 na 2017. Nyingine zikaelekea magharibi: Westlands, Riverside, Kilimani na Lavington.

Kisha Machi 2020 corona ikaingia nchini. Wafanyakazi wakatumwa nyumbani na kompyuta zao, na baadhi ya waajiri wakagundua hawahitaji orofa tatu, moja inatosha. Lakini mkataba wa ofisi haufi kwa sababu umeacha kuitumia. Kampuni iliyotia sahihi miaka sita lazima ilipe miaka sita, au itafute mtu wa kukaa katika nafasi iliyobaki. Hapo ndipo ukodishaji wa mpangaji kwa mpangaji ulipopata nguvu, kuanzia majumba mapya ya vioo pale Waiyaki Way hadi orofa za zamani za Moi Avenue, ambako orofa moja sasa inaweza kuwa na wakili, wakala wa usafiri, mtaalamu wa kucha na msee wa kutengeneza tovuti, wote wakitumia choo kimoja.

Kwa kijana anayeanza, mpango huu ni baraka. Mwenye jumba kubwa hataki kukupa futi mraba 150, tena anataka mkataba wa miaka mingi na amana nono. Mpangaji mkuu anakupa chumba kidogo kwa mwaka mmoja, meza zikiwa tayari. Unapata anwani ya kuandika kwenye stakabadhi. Na ukitaka zabuni za serikali kupitia mpango wa AGPO, unaotengea vijana, wanawake na watu wenye ulemavu asilimia 30, mara nyingi utaombwa uthibitisho kwamba biashara yako ina mahali inapokaa. Kwa hivyo usiogope vyumba hivi. Unachopaswa kujua ni hesabu na sheria zake.

Tupige hesabu

Tuseme mpangaji mkuu amekodi futi mraba 2,000 kwa Sh100 kila futi kwa mwezi. Hiyo ni Sh200,000. Ongeza ada ya huduma, yaani ulinzi, usafi, lifti na jenereta, tuseme Sh20 kila futi. Hizo ni Sh40,000, jumla Sh240,000. Kodi ya ofisi hutozwa VAT ya asilimia 16, tofauti na kodi ya nyumba ya kuishi. Hiyo ni Sh38,400 zaidi. Sasa anadaiwa Sh278,400 kila mwezi.

Amegawanya nafasi hiyo vyumba vinane vya Sh35,000. Vyote vikijaa, anakusanya Sh280,000. Kama hajasajiliwa kwa VAT na hivyo hawezi kuurudisha ushuru huo, anabaki na Sh1,600. Chumba kimoja kikikaa kitupu, anakusanya Sh245,000 na ana pengo la Sh33,400.

Pengo hilo litazibwa na nini? Mara nyingi ni amana ya mpangaji mpya. Wewe ukiingia na kulipa miezi mitatu kwa mpigo, Sh105,000, umemwokoa mwezi huu na miwili ijayo. Huenda si mwizi. Anaweza kuwa mtu mzuri aliyepiga hesabu vibaya, na bado pesa zako zikaenda vivyo hivyo. Kwa hivyo ukifika kuona chumba, usiangalie rangi ya ukuta pekee. Hesabu milango mingapi imefungwa na haina mtu.

Hata wakubwa huangushwa na hesabu hii. WeWork ilianzishwa New York mwaka wa 2010, ikikodi orofa nzima kwa mikataba mirefu na kuzigawa kwa watu wanaolipa mwezi kwa mwezi. Mapema mwaka wa 2019 ilithaminiwa kuwa dola bilioni 47. Novemba 2023 iliomba mahakama ulinzi wa kufilisika. Wateja wake walikuwa na uhuru wa kuondoka wakati wowote, lakini kampuni yenyewe haikuwa na uhuru huo kwa wenye majumba.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Ardhi ya 2012 inamtaka mpangaji asikodishe sehemu yoyote kwa mtu mwingine bila idhini ya mwenye mali, tena idhini ya maandishi iliyotolewa kabla. Mwenye mali naye hafai kukataa bila sababu ya maana. Sasa unaelewa kwa nini swali la kwanza ni lile lile: mwenye jumba anajua? Kama hajui, kuwepo kwako hapo ni uvunjaji wa mkataba mkuu, hata kama wewe hulimbikizi deni la shilingi moja.

Kuna sheria nyingine ya 1965, Sura ya 301, inayolinda wapangaji wa biashara. Inahusu maduka, hoteli na sehemu zinazouza huduma, iwapo mkataba si wa maandishi, au ni wa maandishi usiozidi miaka mitano. Sheria hiyo inamtambua hata mpangaji mdogo. Anayetaka kukutoa lazima akupe ilani rasmi ya angalau miezi miwili, na usiporidhika unaweza kwenda kwa Jopo la Kodi za Majengo ya Biashara, ambalo limekuwa likisikiliza kesi katika jumba la View Park Towers. Lakini ukifika mbele ya jopo bila idhini ya mwenye jumba, umejipa mlima wa kupanda.

Tena angalia jina la karatasi unayotia sahihi. Ukikodi meza kwa siku au kwa mwezi katika ofisi ya pamoja, mara nyingi unapewa leseni ya kutumia nafasi tu. Wewe si mpangaji, na kinga za mpangaji usizitarajie. Hilo si baya kama unalipia meza na intaneti. Ni baya ukilipa amana ya miezi mitatu ukidhani umepanga.

Na madalali wakija kwa deni la mtu mwingine? Sheria ya ukamataji mali kwa ajili ya kodi, Sura ya 293, inampa mpangaji mdogo nafasi ya kutoa tamko la maandishi kwamba mali iliyokamatwa ni yake na si ya mdaiwa. Tamko hilo, pamoja na risiti, ndilo lililorudisha kompyuta zangu. Usisubiri siku hiyo ndipo uanze kutafuta karatasi.

Fanya hivi kabla ya kutuma doo

Kwanza, omba kuona mkataba mkuu. Akisema ni siri, mwambie afunike kiasi cha kodi na akuonyeshe mambo matatu: tarehe unapoisha, kifungu cha kukodisha tena, na sahihi. Kama mkataba wake umebakiza miezi minne, hawezi kukupa mwaka mzima.

Pili, omba barua ya idhini ya mwenye jumba, ikitaja jina lako na chumba chako. Kisha nenda mwenyewe kwa wakala wa jumba ukajitambulishe. Ni mwendo wa dakika kumi kwa lifti, na mimi sikuufunga.

Tatu, uliza bei inajumuisha nini. Stima, maji, VAT, intaneti, maegesho, kuingia wikendi. Kuna majumba ambayo lifti huzimwa Jumamosi alasiri, na mteja wako hatapanda orofa kumi na mbili kwa miguu.

Nne, punguza amana. Omba mwezi mmoja badala ya mitatu. Andikeni pia kwamba mpangaji mkuu akishindwa kulipa, unaweza kumlipa mwenye jumba moja kwa moja, na mwenye jumba akubali hilo kwa sahihi yake.

Tano, hakikisha mkataba wako umelipiwa ushuru wa stempu. Kwa mkataba usiozidi miaka mitatu ni asilimia moja ya kodi ya mwaka. Kwa chumba cha Sh35,000, hiyo ni Sh4,200. Karatasi isiyo na stempu inaweza kukataliwa kama ushahidi siku unayoihitaji zaidi.

Kama unatazama Kilimani au Lavington, ongeza la sita. Ofisi nyingi huko ziko ndani ya nyumba zilizojengwa kwa ajili ya familia. Uliza kama kaunti iliidhinisha nyumba hiyo itumike kwa biashara. Bustani ni nzuri, lakini haitakusaidia wakaguzi wakibisha hodi.

Na kama wewe ndiye mpangaji mkuu? Huenda una chumba Westlands na unataka kugawana na rafiki mpiga picha ili mzigo upungue. Yote niliyosema yanakuhusu. Andikia mwenye jumba barua kabla rafiki hajahamisha kamera zake. Amana yake iweke kwenye akaunti ya pembeni, usiiguse. Na ukianza kulemewa na kodi, mwambie mapema, aamue mwenyewe kama atabaki au ataondoka na vyombo vyake.

Siku hizi nina chumba kingine, kidogo kuliko kile cha kwanza. Barua ya mwenye jumba imebandikwa nyuma ya mlango, na mwanamke wa kwa wakala ananijua kwa jina. Kwa hivyo piga tena simu ile ya WhatsApp. Sema chumba umekipenda, na unataka kuona barua. Akiwa nayo atakutumia picha kabla ya jioni. Akianza kukuambia kuna watu wengine watatu wanaokitaka, waachie.