Ukarabati wa nyumba kongwe: Mwaka wa kwanza ni wa kuzuia maji, si wa kupaka rangi

ZANZIBAR – Mtu anayekabidhiwa ufunguo wa nyumba kongwe katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, awe ameirithi, ameinunua au amepangishwa kwa sharti la kuitengeneza, aghalabu huwaza kwanza rangi ya kuta, vigae vya sakafu na bafu jipya. Misingi ya uhifadhi inaelekeza vinginevyo. Mwaka wa kwanza ni wa kuijua nyumba, kuikinga na maji na kuhakikisha kwamba haitamwangukia mtu. Mapambo yana wakati wake.

Tahadhari hiyo ina sababu. Tarehe 25 Desemba, 2020, sehemu ya Beit el Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 na Sultan Barghash bin Said, iliporomoka wakati likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Nyumba za vichochoroni hazina umaarufu wa jumba hilo, lakini zina familia ndani yake, maduka chini yake na wapita njia mbele yake. Ufa unaopuuzwa huko unaweza kuleta msiba ule ule.

Kibali na makubaliano ya warithi

Mji Mkongwe uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na eneo la urithi lina ukubwa wa hekta 96. Usimamizi wake uko chini ya Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, chombo kilichoanzishwa mwaka 1985. Kujenga, kubomoa au kubadili jengo lolote katika eneo hilo kunahitaji idhini ya Mamlaka kabla ya kazi kuanza. Kwa sababu hiyo, safari ya kwanza ya mmiliki ni ya kwenda ofisini, kabla ya kwenda duka la vifaa vya ujenzi. Huko ataelezwa daraja la jengo lake na sehemu zisizoruhusiwa kubadilishwa, kama vile mlango wa kuchonga au roshani ya mbao.

Jambo la pili ni umiliki. Nyumba nyingi kongwe ni mali ya warithi kadhaa, wengine wakiwa mbali. Mrithi mmoja anapoanza kazi bila ridhaa ya wenzake, ukarabati huweza kusimama katikati, paa likiwa wazi na mvua ikikaribia. Makubaliano ya maandishi kuhusu nani anachangia nini, na nani anaamua, ni kinga ya nyumba kama ilivyo kinga ya undugu.

Jinsi nyumba ya mawe inavyosimama

Kuta za nyumba hizi ni nene, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, mchanga na udongo. Dari na sakafu za juu hubebwa na boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, ncha zake zikiwa zimezama ndani ya ukuta. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba, ambao mara nyingi hauzidi mita tatu. Hivyo chumba kirefu na chembamba hakikutokana na mazoea tu. Mti wenyewe ndio uliokipima.

Mfumo huu hudumu kwa vizazi ukikaa mkavu. Adui wake ni maji. Paa linapovuja, maji hushuka ndani ya ukuta na kuulegeza udongo unaoshika mawe. Yakifika kwenye ncha ya boriti, mti huanza kuoza mahali pasipoonekana, na mchwa huifuata mbao yenye unyevu. Mkazi huona doa tu kwenye dari, ilhali boriti imekwisha kuachia ukuta. Aidha, nyumba nyingi hupakana na kutegemeana, kwa hiyo kuondoa ukuta mmoja kwaweza kumwathiri jirani.

Masika: wakati wa kusoma dalili

Mmiliki anayepokea nyumba karibu na mvua za masika, kati ya Machi na Mei, ana nafasi ya kujifunza. Katika kipindi hiki kazi kuu ni kutazama na kuandika: maji yanaingilia wapi, yanatokea wapi, na ukuta gani unabaki na unyevu siku kadhaa baada ya mvua kukatika. Kila chumba kipigwe picha na kupimwa kabla ya chochote kuguswa.

Nyufa nazo hufuatiliwa. Njia nyepesi ni kubandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa kwa jasi, kikishikwa pande zote mbili, na kuandika tarehe pembeni. Kioo kikipasuka, ukuta bado unatembea, na mhandisi anahitajika mara moja. Dari iliyobonyea au boriti iliyochomoka iwekewe mihimili ya muda, na chumba hicho kisilaliwe. Hapa haifai kusubiri kiangazi.

Kipupwe: paa, mifereji na boriti

Kuanzia Juni hadi Septemba mvua hupungua na joto hushuka. Huu ndio wakati wa kazi kubwa. Inayotangulia ni paa, kisha mifereji na milizamu inayopeleka maji mbali na kuta. Hufuata mabomba yanayovuja, vyoo vya ghorofani na makaro, kwa kuwa maji ya ndani ya nyumba hulowesha ukuta mwaka mzima, wakati mvua ina msimu wake.

Matangi ya maji yahitaji kuangaliwa upya. Tangi la lita 1,000 likijaa hubeba tani moja ya maji, uzito ambao paa la boriti halikukusudiwa kuubeba mahali pamoja. Lihamishiwe chini au juu ya egemeo lililopitishwa na mhandisi.

Boriti zilizooza hubadilishwa chache chache, dari ikiwa imeegemezwa, si zote kwa mkupuo. Boriti mpya zinunuliwe kutoka chanzo halali, kwani uvunaji wa mikoko unadhibitiwa. Kumwaga sakafu ya zege badala ya boriti huonekana kama suluhisho la kudumu, lakini huongeza uzito mkubwa juu ya kuta zilizojengwa kwa mawe na chokaa.

Kwa nini chokaa, si saruji

Kosa la kawaida ni kupiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa matumbawe. Ukuta huo huvuta unyevu na kuutoa, na lipu ya chokaa huuruhusu kupumua. Saruji ni ngumu na hufunga njia hiyo. Ukuta unapocheza kidogo, saruji hupasuka, maji huingia kupitia ufa na kukosa pa kutokea. Chumvi iliyomo ndani hujikusanya nyuma ya lipu na kulimomonyoa jiwe. Mwaka wa kwanza ukuta huonekana mpya. Baada ya miaka michache lipu hubanduka kwa mapande, ikiondoka na sehemu ya jiwe.

Chokaa hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa katika tanuri hadi yatoe hewa ya kaboni dioksidi. Kisha huzimwa kwa maji na kuachwa ilainike. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyokuwa bora. Ikishapakwa ukutani huvuta tena kaboni dioksidi kutoka hewani na kurudia ugumu wa jiwe polepole. Hivyo hupakwa kwa matabaka membamba, hukingwa na jua kali na hunyunyiziwa maji. Fundi anayeahidi kumaliza nyumba nzima kwa wiki moja huenda hafanyi kazi ya chokaa.

Lipu mbovu ya saruji ikiondolewa kwa uangalifu katika kipupwe, kuta hupata miezi ya kukauka. Mvua za vuli, kati ya Oktoba na Desemba, huwa mtihani wa paa jipya. Panapovuja parekebishwe kabla ya lipu. Ndipo mwezi Januari na Februari kazi ya chokaa inaweza kuanza, kwenye kuta zilizothibitika kuwa kavu.

Mwisho wa mwaka

Mmiliki aliyefuata mpangilio huu atafikia mwisho wa mwaka nyumba yake ikiwa bado haina rangi, na huenda majirani wakauliza fedha zimekwenda wapi. Zimekwenda kwenye paa lisilovuja, boriti zinazoshika na kuta zinazokauka. Rangi iliyopakwa kabla ya hayo hufutwa na masika ya kwanza.

Baada ya hapo, nyumba haihitaji ukarabati mkubwa kila mara, inahitaji matunzo. Kabla ya kila msimu wa mvua, milizamu isafishwe, paa likaguliwe na kila ufa mpya uandikwe tarehe. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika nyumba ya mawe, maneno hayo ni maelekezo ya kazi.