Bunduki gani haikosaka? Namna ya kuchagua karabini ya kuwinda yenye kupiga sawa



Mwezi uliopita watu wawili waliniuliza swali moja ndani ya juma moja. Wa kwanza ni mzee wa sekta ya Mutambala. Nguruwe pori walikuwa wamemaliza karibu nusu ya muhogo wake. Alinivuta pembeni, akasema: "Agronomu, weye ulisomaka. Uniambie, bunduki gani haikosaka?"

Wa pili ni mwenzangu tuliyesoma naye sekondari. Familia yao ilikimbilia kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma, halafu ikapelekwa Marekani. Sasa anafanya kazi huko, amemaliza mafunzo ya uwindaji, ana kibali cha kuwinda kulungu, na duka liko mbele yake limejaa bunduki. Akaniandikia: "Mkubwa, nichukue ipi? Ile ya bei kali ndiyo inapiga sawa?"

Mimi ni mtu wa mbegu na udongo. Lakini nilikulia karibu na mzee aliyewahi kufuata nyayo za wanyama kwa wawindaji wa kulipia upande wa Ugalla, Tanzania, na yeye alinifundisha namna ya kuitazama bunduki bila kudanganywa na sura yake. Tena nina sababu ya nyumbani. Binamu yangu alipokuwa mtoto alikuwa amelala kwenye kibanda cha kulinda mahindi. Jirani aliona kivuli cha nguruwe, akafyatua bunduki iliyotengenezwa na fundi wa kijijini. Nguruwe alikimbia. Vipande vitatu vya chuma viliingia kwenye mguu wa binamu, na kimoja kiko humo hadi leo. Kwa hiyo swali hili kwangu siyo mchezo.

Jibu fupi: hakuna bunduki isiyokosa. Kuna bunduki ambayo umeipima na unajua inakosa kwa kiasi gani. Hiyo ndiyo ya kutafuta.

Tusichanganye silaha tatu

Huku kwetu neno "bunduki ya kuwinda" linabeba vitu vitatu. Kuna ile ya fundi wa kijijini, ambayo wengine huiita pupu: mtutu wake ni bomba tu, na chuma chake hakuna aliyekipima. Inaweza kumpasukia hata anayeishika. Kuna kalibri 12 ya kiwandani: mtutu wake ni laini ndani, na inatupa chembe nyingi zinazotawanyika kadiri zinavyokwenda. Ukipita mita 35 au 40, hata zile chembe kubwa huwezi tena kujua zitaangukia wapi.

Ya tatu ni karabini. Ndani ya mtutu wake kuna mifereji iliyojipinda kama uzi wa skrubu. Risasi inapopita inazungushwa, na kule kuzunguka kunaifanya isiyumbe hewani. Nyingi za kuwindia hufungwa kwa komeo la chuma linalovutwa kwa mkono. Mjerumani Mauser alilikamilisha komeo la namna hiyo mwaka 1898, na hadi leo viwanda vingi vinafuata wazo lake. Kiwanda cha Herstal, kule Ubelgiji, kilianzishwa mwaka 1889 ili kutengeneza bunduki za Mauser kwa jeshi la Wabelgiji. Mwenzangu wa Marekani anatafuta karabini, na kuanzia hapa ninasema juu ya karabini tu.

Pima kwa karatasi, usipime kwa sifa

Sisi agronomu hatusemi mbegu ni nzuri juu gunia lina picha ya kupendeza. Tunahesabu mbegu 100, tunazilaza kwenye kitambaa chenye maji, tunangoja, tunahesabu zilizoota. Bunduki ni vilevile. Unaweka karatasi mita 100, unaegemeza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, unapiga risasi 3 au 5 ukilenga alama ileile. Halafu unapima umbali kati ya matundu mawili yaliyo mbali zaidi, kutoka katikati ya moja hadi katikati ya jingine.

Wazungu wana kipimo chao: sehemu moja ya 60 ya digrii. Kwa mita 100 ni karibu sentimita 3, kwa mita 200 ni karibu 6. Kampuni kama Tikka ya Finland na Weatherby ya Marekani huahidi kwamba bunduki zao za kawaida za kiwandani zitafika karibu na kipimo hicho kwa risasi 3. Miaka ya zamani ilibidi umlipe fundi wa pekee ili upate hivyo. Leo mashine za viwandani zimefanya bunduki ya bei ya kati ipige sawa na ile ya bei kali. Mara nyingi pesa ya ziada inanunua mbao nzuri na nakshi.

Hapa kuna mitego miwili. Wa kwanza: kundi moja la risasi 3 linaweza kuwa bahati. Ukipima mbegu 10 tu zikaota zote, huwezi kuandika asilimia 100 kwenye ripoti. Piga makundi manne au matano kwa siku tofauti, na uache mtutu upoe katikati.

Wa pili: kupiga pamoja siyo kupiga mahali. Fikiria mizani mbili za soko la Baraka. Moja inapunguza gramu 200 kila mara; nyingine leo inapunguza, kesho inaongeza. Ile ya kwanza unairekebisha mara moja na kazi inaendelea. Ya pili ni ya kutupa. Karabini ambayo matundu yake yamekusanyika lakini pembeni ya alama, unazungusha skrubu za darubini tu, imeisha. Ile inayotawanya hapa na pale, darubini haitaiponya.

Mambo matano ya kuangalia dukani

1. Mdomo wa mtutu. Ni mahali pa mwisho ambapo risasi inaguswa. Kama una kovu au umeliwa na kutu upande mmoja, risasi inasukumwa pembeni. Kwa bunduki iliyokwisha kutumika, anzia hapo.

2. Mtutu na kitako. Chukua noti, ipitishe kati ya mtutu na ubao ulio chini yake. Kwenye bunduki nyingi za siku hizi noti inapaswa kupita hadi karibu na chumba cha risasi bila kukwama. Mbao hunywa unyevu na kuvimba. Ikianza kuusukuma mtutu, matundu yanahama. Anayewinda mahali pa mvua nyingi afikirie kitako cha plastiki ngumu au cha mbao zilizogandishwa tabaka kwa tabaka.

3. Kifyatuo, pale unapovuta kwa kidole. Kikiwa kizito kinakufanya uvute bunduki nzima. Uzito wa kilo 1 hadi 1.5 unatosha kwa wengi. Chepesi sana nacho ni hatari, zaidi kama vidole vimekufa kwa baridi.

4. Risasi na mpindo wa mifereji. Risasi ndefu na nzito inataka mifereji inayojipinda haraka. Fupi na nyepesi inaridhika na ya polepole. Ndiyo maana bunduki moja inapenda risasi fulani na kukataa nyingine. Nunua aina mbili au tatu, zijaribu, halafu baki na ile iliyokusanya.

5. Skrubu. Kabla ya kulaumu kiwanda, kaza skrubu za darubini na za kitako. Mara nyingi bunduki "mbovu" ni skrubu iliyolegea.

Na kalibri? Kwa kulungu wa Marekani, .243, 6.5 Creedmoor, .308 au .30-06, zote zinatosha. Usichukue kubwa ili uonekane mwanaume. Bunduki inayokuumiza bega inakufundisha kufumba macho kabla ya kuvuta, na hapo usahihi wote wa kiwanda umepotea. Kubwa zina mahali pake: Tanzania, anayewinda nyati lazima awe na .375 au zaidi.

Sehemu ya moyo na mapafu ya kulungu ni kama sentimita 20 kwa upana. Bunduki inayokusanya ndani ya sentimita 5 kwa mita 100 inatosha kabisa. Anayelipa pesa nyingi ili kutoka sentimita 5 hadi 2, huku hajafanya mazoezi, ni sawa na mkulima anayenunua mbolea ya gharama na shamba halijapaliliwa. Nilimwambia mwenzangu: chukua ya bei ya kati, pesa inayobaki nunua risasi, nenda uwanjani kila juma.

Na yule mzee wa Mutambala?

Yeye sikumpa jina la bunduki. Kwanza ni sheria. Uwindaji Kongo unaongozwa na sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982, na silaha zinaongozwa na sheria-amri namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Kibali cha kuwinda na kibali cha silaha ni karatasi mbili, na moja haifanyi kazi ya nyingine. Ndani ya Hifadhi ya Itombwe, iliyoundwa mwaka 2006, kuna sokwe na gorila, wanyama ambao sheria inawalinda kabisa.

Pili, tunajua tunakoishi. Karabini yenye darubini ndani ya nyumba ya mkulima wa Fizi hailali salama. Mwenye silaha atakuja kuitafuta, na mwenye sare atakuuliza wewe ni wa kundi gani.

Tatu, risasi ya karabini inaweza kwenda zaidi ya kilomita 3. Kwenye milima yetu, nyuma ya nguruwe kuna shamba, nyuma ya shamba kuna njia, na kwenye njia kuna mama anayetoka sokoni. Usahihi unakuambia risasi itapita wapi. Haukuambii nani amesimama mbele yake.

Tukakaa na majirani zake watano. Wamepanga zamu za kulinda usiku, pamoja na mbwa na madebe ya kupiga. Wamekubaliana kupanda na kuvuna kwa wakati mmoja, ili shamba la mtu mmoja lisibaki peke yake kama meza iliyoandaliwa. Nguruwe hawajaisha, lakini msimu huu hasara imepungua, na vibanda vinalala watoto bila hofu ya chuma kinachotoka gizani.

Wenzangu, watu wanatuuliza juu tulisoma. Tusijibu kwa jina la kitu. Tujibu kwa namna ya kukipima, na tuulize kwanza kama kinahitajika.

Mubaki salama.